Taa Nyeupe za Kwenda Subukia

Jumatatu, 11 Agosti

Mungu ni mwema, na mimi pia nimejitahidi. Jumamosi tunaenda Subukia kumposea kijana wangu Kigen. Kigen mwenyewe, wa diploma ya umeme! Msichana ni Nekoye, binti ya Wasike. Msichana mzuri. Si wa kiwango cha Kigen, lakini ni nani wa kiwango hicho?

Shida ni moja. Wasike ametuma ujumbe kwamba kwao wageni wa posa huingia kabla ya chakula cha mchana. Wakichelewa, lango linafungwa, warudi Desemba wakati ndugu zake watakapokuja tena kutoka Bungoma. Na Kigen anaanza kazi Lodwar mwezi ujao. Msichana mrembo, mchumba yuko Lodwar, Desemba iko mbali. Hata mimi ambaye sikusoma sana naona hiyo hesabu haitoki vizuri.

Baba Kigen amesema tumwombe Celestine atangulie na Fielder yake, kwa sababu ukungu wa kule juu ni mbaya na taa za Corolla yetu zimechoka. Celestine! Jirani yangu, mwenzangu wa kwaya, mwanamke ambaye tangu anunue hilo gari miguu yake imesahau kazi. Nikasema heri tutanguliwe na punda. Baba Kigen akasema punda naye hana taa.

Ni kweli taa zetu zinafanana na koroboi. Gari ni rika la Kigen, lilinunuliwa mwaka aliozaliwa, tena hata wakati huo halikuwa jipya. Lakini Kigen hajafifia. Kwa nini gari lififie mbele ya wageni? Nimepata wazo.

Jumanne, 12 Agosti

Nimetoka town. Nimenunua balbu za LED, za gari lote! Mbele, nyuma, indiketa, rivasi. Zote nyeupe pepepe.

Kijana wa duka alijaribu kunisomesha. Mathe, nyuma kuna kioo chekundu, chukua balbu nyekundu. Mathe, indiketa chukua za rangi ya chungwa. Nikamuuliza kama yeye amezaa fundi wa umeme. Akasema hapana. Nikamwambia basi afunge nyeupe. Nyeupe ni nyeupe. Shuka za harusi ni nyeupe, malaika ni weupe, hakuna mahali nimesoma malaika wa rangi ya chungwa.

Njiani nimekutana na Celestine akiendesha. Alisimamisha gari, akateremsha kioo, akauliza, Mama Kigen, ni kweli mnataka mtangulizi wa Jumamosi? Nikamwambia tumeshapata mtangulizi. Akapandisha kioo. Kinapanda chenyewe hicho kioo, na yeye hupenda ukione kikipanda.

Alhamisi, 14 Agosti

Kigen amefunga balbu. Nilikaa hapo kwenye kigoda nikimsimamia.

Upande mmoja ulikataa kuwaka. Nikataka kurudi town nikamshike yule kijana mashati. Kigen akachomoa balbu, akaigeuza, akairudisha, ikawaka. Eti hizi za LED zina mbele na nyuma, ukiingiza kinyume zinanuna. Nilikuwa karibu kusema hivyo hivyo.

Kisha indiketa. Mungu wangu! Zinapepesa mbio kama moyo wa mbuzi aliyeona kisu. Kigen akaeleza kwamba LED hunywa umeme kidogo sana, kwa hivyo gari linadhani balbu imeungua na linapiga kelele kwa njia yake. Inatakiwa kubadilisha kile kidude kinachopepesa. Nikamwambia aache. Gari la miaka hiyo yote kupepesa kwa nguvu hivyo ni afya.

Taa za nyuma zimetoka rangi ya waridi. Celestine alichungulia juu ya ua akauliza kama tumefungua saluni.

Lakini za mbele! Zilimulika banda la kuku na jogoo akawika, jioni, watu wakipika chai. Nikapiga vigelegele. Kigen yeye alikunja uso. Akasema bakuli la taa lilitengenezewa balbu ya zamani, hii mpya inatawanya mwanga kila upande, itawachoma watu macho. Akasema, Mum, naomba kesho nirudishe zile za manjano.

Mtoto anayesema "naomba" hivyo ndiye mtoto niliyemlea. Moyo uliniuma. Kwa hivyo alipoenda kunawa mikono nikafunga balbu za zamani kwenye gazeti, nikazisukuma ndani ya gunia la mahindi pale stoo. Nani atatafuta balbu kwenye mahindi?

Ijumaa, 15 Agosti

Kigen ametafuta balbu siku nzima. Nimemsaidia kutafuta. Nimetafuta kwa bidii hata nikatoka jasho.

Baba Kigen, bila kuniuliza, amemwalika Celestine aje nyuma yetu, abebe wazee na zawadi kwenye Fielder. Sawa. Nyuma yetu, sawa. Apate kitu cha kutazama.

Jumamosi, 16 Agosti

Nitaandika yote.

Tulitoka nyumbani Lanet mapema, sisi mbele. Kigen kwenye usukani na suti yake, mimi kando yake kama brigedia, Baba Kigen nyuma na masanduku ya soda. Kigen hakuwa amekula. Alishika usukani kama mtu anayeshika mkono wa daktari. Nikamwambia atulie, mama yake yuko.

Tulipoanza kupanda, ukungu ukashuka. Taa zikang'aa! Nilikuwa naona ukungu vizuri kabisa. Barabara ndiyo sikuwa naiona. Na kila gari lililokuja mbele yetu likatupigia taa full. Lori, probox, pikipiki ya maziwa. Full, full, full. Nikajua habari ya posa imesambaa. Nikawapungia mkono kama askofu.

Baba Kigen ndiye aliyeharibu. Akasema, Mama Kigen, hao hawakusalimii. Watu wakikupigia taa hivyo, mbele kuna polisi.

Kila mtu anajua hiyo lugha ya barabara. Na sisi tuko na pinki nyuma! Afisa akiziona hizo taa tutaelezana hadi jioni, na lango la Wasike litakuwa limefungwa. Kigen akasema hakuna polisi, ni sisi tunawaumiza macho, wanatuomba tupunguze. Nikamuuliza ni nani hukasirikia mwanga? Likatokea basi, likapiga full mara tatu na honi juu. Nikasema, umeona! Hao ni polisi wengi! Pinda kushoto, tupitie mashambani.

Kigen akawasha indiketa. Vioo vyetu vya indiketa vimepauka kwa jua, kwa hivyo nyuma kukawa na mwanga mweupe unaopepesa kama kichaa. Celestine akaona nyeupe, akadhani tunarudi rivasi juu yake. Naye akapiga rivasi! Nilimwona kwenye kioo akirudi nyuma na wazee wetu wote ndani, midomo wazi, hadi ukungu ukawameza.

Tukaingia njia ya mashamba peke yetu. Ya kwanza matope. Ya pili ng'ombe. Ya tatu matope yenye ng'ombe. Kigen alishuka na suti akasukuma. Baba Kigen akasukuma. Mimi nilisukuma kwa maombi. Jua likapanda, ukungu ukaisha, na Kigen akaegemea gari akasema polepole kwamba sasa kwa kina Wasike wameketi kula. Hakunilaumu. Angenilaumu ningejua la kujibu.

Tulifika Subukia wakiosha sahani. Lango lilikuwa limerudishwa. Senge wake Nekoye, yaani shangazi, mwanamke wa mabega mapana, akachungulia akauliza sisi ni nani. Nikasema kwa heshima, mimi ni mama wa bwana harusi.

Akanitazama viatu hadi kilemba. Akasema mama wa bwana harusi aliingia mapema, ameshakula, na sasa anaongezewa.

Nikachungulia chini ya mkono wake. Celestine! Kwenye kiti kikubwa, kile chenye kitambaa cha kufuma, shuka la heshima mabegani, mfupa wa kuku mkononi! Alibaki barabara kuu, akaenda zake moja kwa moja hadi hapo. Anasema hakuona hata askari mmoja. Anasema pia alijaribu kueleza kwamba yeye ni jirani tu, lakini kila akifungua mdomo wanatia nyama. Masikini.

Nekoye ndiye aliyetuokoa. Alitoka jikoni mbio, akaona suti ya Kigen, akaanza kumpangusa matope na leso yake mwenyewe mbele ya wazee wote. Kisha akaja kwangu akanishika mkono, akasema, senge, huyu ndiye mama. Mwenye sauti. Kigen ameniambia kila kitu.

Sijui "kila kitu" ni nini. Nililia kidogo. Ni moshi.

Ikawa hivi: kwa sababu wazee wetu waliingia kwa wakati, na zawadi zikaingia kwa wakati, lango halikufungwa. Mazungumzo yameisha vizuri. Nekoye ni wetu! Senge alinitoza faini ya kuchelewa, niimbe nikizunguka boma. Niliimba beti zote. Walipoomba ninyamaze nikawaongezea moja.

Jumapili, 17 Agosti

Kanisani Celestine amesimulia. Ameigiza mpaka jogoo.

Kigen amesema kwa upole kwamba hataendesha gari hilo tena bila balbu za manjano. Nikasema zimeonekana! Nikaenda stoo. Kulikuwa na magunia mawili. Sasa kuna moja. Nikazamisha mkono hadi begani. Mahindi tu.

Gunia la zawadi. Celestine ndiye aliyelibeba.

Jumatatu, 18 Agosti

Wasike amepiga simu. Amemsalimia Baba Kigen vizuri, mkwe hivi, mkwe vile. Kisha akauliza, kwa adabu sana, balbu zilizotumika zilizofungwa kwenye gazeti ndani ya mahindi, kwa mila yenu zina maana gani?

Baba Kigen akafunika simu, akanitazama. Miaka hii yote ya ndoa hajanitazama hivyo.

Nikachukua simu. Nikasema, mkwe wangu, kwetu mwana akioa, mama hutoa mwanga wa gari la nyumbani, akaukabidhi wakwe, ili bibi harusi asitembee gizani. Ilitoka yenyewe. Nikasikia Wasike akipenga kamasi. Akasema hajawahi kusikia jambo zuri kama hilo. Senge ameshazitundika sebuleni juu ya picha ya babu.

Na wao, akasema, hawapendi kushindwa kwa heshima. Desemba wakija kwetu watajibu. Watangoja waone mwanga wetu mwingine.

Kigen alisikia yote. Amenikalisha chini kama mimi ndiye mtoto. Amesema atanunua balbu za kawaida, za manjano, nami nisiguse taa tena, niahidi. Nimeahidi. Tumeshikana mikono. Nilimwambia amekuwa mwanamume.

Amerudi kulala kidogo. Mimi navaa viatu vya town. Hatukuzungumza habari ya chini ya gari. Hapo hakuna taa kabisa, kwa hivyo haiwezi kusemwa nimegusa taa. Na yule kijana wa duka alitaja kuna utepe wa LED, unazunguka gari lote kwa chini.

Wa buluu.