Ukumbi wa Baladiya Niachieni Mimi

Alhamisi, 6 Novemba 2025. Aziziya, Jeddah.

Nimejipalia makaa. Jioni tulikutana Sharafiya, sisi Wakenya wa chama chetu. Ajenda moja tu: Mama Rael anarudi Kapsabet wiki ijayo, baada ya miaka mingi ya kupikia familia moja hapa Aziziya na kulea watoto wao. Keki za sherehe zetu zote huoka yeye. Yeye mwenyewe hajawahi kukatiwa hata kipande. Tumuage wapi? Robinson, mlinzi wa nyumba iliyo jirani na kwetu, akasema darini kwa mwenzetu Bonface, huko Karantina. Darini! Katikati ya matangi ya maji na soksi za watu! Na watu wakaanza kukubali. Na uchaguzi wa mwenyekiti ni mwezi ujao, na kiti hicho nakitaka mimi.

Nikasimama. Nikasema mimi, Protus, nitaleta ukumbi wa baladiya, ile ofisi ya manispaa ya mtaa wetu. AC, viti vya kitambaa laini, kila kitu. Wakauliza namjua nani pale. Nikasema meneja. Makofi! Robinson hakupiga.

Meneja simjui. Niliwahi kuziba geti lake na gari, akanipigia honi. Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote.

Ijumaa, 7 Novemba.

Baladiya imefungwa. Nimeitazama kwa nje. Jengo zuri. Selipher, anayefanya kazi za ndani hapa kwetu, kanishauri niwaambie watu ukweli mapema, kabla nyama haijatiwa viungo. Nimemwambia asiingilie mambo ya uongozi. Kacheka mpaka kaweka pasi chini.

Jumapili, 9 Novemba.

Ushindi!

Nilimwambia baba, bosi ninayemwendeshea gari, kwamba gari linapiga kelele, nalipeleka kwa fundi. Akauliza kelele gani. Nikamwigia. Akasema yalla, nenda.

Baladiya ilijaa. Mzee mmoja alilalamikia pipa la taka mbele ya mlango wake. Mwoka mikate alifuata leseni. Bibi mmoja alitaka taa ya barabarani iwashwe, la sivyo halali mtu pale leo. Mtaa mzima huleta shida zake hapa, na mimi nikapanga foleni na yangu.

Kiarabu changu ni cha udereva: kulia, kushoto, simama, petroli. Nikamwambia karani: mimi, watu, ukumbi, Jumanne. Uso wake ukang'aa kana kwamba alikuwa akinisubiri tangu asubuhi! Akasema karibuni wote, Jumanne baada ya Alasiri, mlango uko wazi. Nikauliza, watu wengi, mafi mushkila, hakuna shida? Akasema wakiwa wengi ndiyo vizuri zaidi. Akanipa kahawa na tende. Hata ikama, kibali changu cha kuishi hapa, hakuuliza.

Nimeandika kwenye kundi letu la simu: HALAS, imekwisha. Robinson kajibu kwa kidole gumba. Roho inamuuma.

Jumatatu, 10 Novemba.

Selipher anakaanga mandazi. Madam, mke wa baba, anadhani ni ya wageni wake. Beverly wa chama chetu anaoka keki. Mimi nimenunua baluni. Robinson kaja ukutani kuuliza meneja anaitwa nani. Nimesema kwa heshima hatuitani majina.

Mchana balaa. Baba alitaka nimpeleke mahali kesho baada ya Alasiri! Nikasema fundi kaomba gari lirudi, ile kelele ina mizizi. Akasema basi, atapanda na jirani. Hakusema anaenda wapi. Sikuuliza. Nimepona.

Jumanne, 11 Novemba.

Naandika yote kama yalivyokuwa.

Tulifika gari tatu. Sufuria za pilau, keki, baluni, na Mama Rael katika gauni jipya. Nikafungua mlango wa ukumbi kama mwenye nyumba. Ndani, kuna meneja na kipaza sauti. Ukutani, picha kubwa ya bustani. Viti vitupu, ila wazee watatu mbele. Wa tatu ni baba.

Ulikuwa mkutano wa wakazi! Baladiya inataka kuijenga upya ile bustani ya mtaa, na imewaita watu watoe maoni. Na watu hawakuja. Robinson akaninong'oneza sikioni: "Mwenyekiti, hawa wazee ni wa chama gani?"

Nikaanza kurudi kinyumenyume. Karani akaniona. Akafungua mikono, akamwita meneja: "Si nilikuambia watakuja!" Tukaketishwa wote, na sufuria zetu. Meneja akafuta jasho kwa furaha. Baba akageuka. Akanitazama. Akatazama baluni. Akasema polepole, "Fundi?"

Nikaona tiketi ya kurudishwa nyumbani ikielea hewani.

Meneja akauliza nani ana neno kuhusu bustani. Nikainua mkono ili niombe ruhusa ya kutoka. Nikapewa kipaza sauti! Watu wote wananitazama. Kichwani: kulia, kushoto, petroli. Nikampa Mama Rael.

Akasimama, akanyoosha gauni. Kiarabu chake ni cha jikoni za Jeddah, kinatiririka kama cha bibi zao. Akasema bustani hiyo anaijua. Amekaa pale miaka, kwenye ukingo wa barabara, juani, akingoja watoto aliokuwa akiwalea wamalize kucheza. Wale watoto sasa wana ndevu. Hajiombei yeye, kwa kuwa Alhamisi anaondoka. Anawaombea watakaokaa pale baada yake: viti, kivuli, na bomba la maji ya kunywa.

"Na sisi tunaishi mtaa huu," akasema. Akaketi.

Halafu baba akaanza kupiga makofi. Baba! Mzee wa pembeni akafuta macho kwa ncha ya kilemba. Meneja akasema viti, kivuli na maji vitaingia kwenye mchoro, na kama kuna anayepinga aseme sasa. Nani angethubutu?

Kisha akauliza sufuria zina nini. Nikasema pilau. Akauliza kwa nini basi zimefunikwa.

Keki ikakatiwa jukwaani. Mama Rael alilia, akisema Beverly kazidisha sukari. Baba akawatangazia wenzake kwamba hawa ni watu wake, yeye ndiye aliyewaita. Aliponipita akauliza kama gari bado linapiga kelele. Nikasema limepona. Akasema alhamdulillah, akaongeza sahani ya pili.

Niliketi kwenye ngazi za baladiya, nikapumua kama mtu aliyetolewa majini. Hata Robinson kaniletea soda. Sikumshukuru kwa sauti.

Alhamisi, 13 Novemba.

Nimempeleka Mama Rael uwanja wa ndege. Baba mwenyewe kasema nichukue gari. Mama alinishika mkono, akaniambia, "Protus, mwanangu, ungewaeleza vizuri tu wangekupa. Siku nyingine uulize kwanza, ndiyo uahidi."

Nikamwambia nimesikia. Nikavaa miwani ya jua ndani ya jengo.

Ijumaa, 14 Novemba.

Cliff kapiga simu kutoka Riyadh, anakoendesha malori. Habari zimemfikia! Pius na Mueni, wenzetu wa huko, wanafunga ndoa, hawana pa kufanyia tafrija. Robinson alikuwa karibu, kwa hiyo nilipaza sauti kidogo. Nimemwambia Cliff ukumbi wa manispaa ya Riyadh aniachie mimi. Ule mkubwa. Mkuu wao na mimi tunasalimiana. Awaalike watu bila woga.

Riyadh sijawahi kufika. Lakini nimeitazama kwenye ramani, si mbali. Kutoka hapa ni nusu kidole.