Mfungo wa Dorkasi na Jino la Skrubu

Jumatatu, 9 Juni

Mwangaluka, daftari langu. Salamu katika jina la Bwana. Hujambo? Umelalaje huko chini ya godoro? Ukitaka kujua hali yangu, mimi sijambo, isipokuwa shavu. Shavu la kulia limekuwa kama andazi.

Nikuambie wewe, maana hakuna mwingine wa kumwambia. Juzi Jumamosi, Mwanza, Dakta Paschal alinitoboa mfupa wa taya akakaza skrubu. Skrubu! Ndani yangu mimi, Dorkasi, katibu wa akina mama kanisani! Mfupa ukishaishika, baada ya miezi mitatu, atapachika jino juu yake. Mwanangu Keneth ndiye aliyepanga yote. Alisema amechoka kuongea na mama anayepiga mluzi kwenye simu.

Ndiyo shida yenyewe, mluzi. Mwaka juzi nilivunja jino la mbele, upande wa kulia, kwa kipande cha tobolwa. Viazi gani vile, vikikauka ni mawe! Tangu hapo nikipandisha sauti kwenye wimbo, hewa inapita pengoni. Sikukuu ya Mavuno ni Septemba. Wimbo wa mavuno naanzisha mimi, mwaka wa kumi na moja sasa. Na mwalimu wa kwaya ameanza kumtazama Evalina, mwimbaji mwenzangu.

Huyo Evalina ndiye sababu ya siri yangu. Mwaka jana kwenye semina nilifundisha juu ya kujiremba. Nikasema jino la bandia ni uongo unaokaa mdomoni. Akina mama wote wakamgeukia Evalina, maana analo. Sikumtaja, Mungu shahidi. Nilimtazama tu. Kwa muda mrefu.

Karatasi ya daktari ninayo. Mayai ya kuchemsha, laini. Mtindi. Uji wa ulezi, usiwe moto. Parachichi. Samaki asiye na miiba. Maharage yaliyopondwa. Maji mengi. Nisitafune upande wa kulia. Karanga, mahindi ya kuchoma, matobolwa: marufuku. Halafu amepigia mstari mara mbili: USIKAE NA NJAA. Kidonda cha mfupa hakiponi kwa tumbo tupu. Skrubu isiposhika itatoka, na mfupa uliobaki hautoshi kurudia. Hiyo ya mwisho nimeisoma mara nne.

Sasa sikia balaa. Saa nne asubuhi kaingia Mama Mchungaji, Martha, na karanga za kukaanga kwenye kikapu. Karibu mama, tafuna, za shamba letu. Nikasema nimefunga. Akauliza siku ngapi. Nikasema saba. Mpaka jioni au mfululizo? Nikasema mfululizo, maji tu.

Daftari, mimi nilikuwa natafuta siku moja. Hizo saba sijui zilitoka wapi.

Jumanne, 10 Juni

Mama Mchungaji kawatangazia wote! Anasema akina mama wa Bariadi wamelegea na Bwana amemwinua Dorkasi. Wamekuja kumi na wawili na mikeka. Watakaa nami kwa zamu, mchana kutwa, na wawili watalala sebuleni mpaka Jumapili. Nisijisikie mpweke, wanasema.

Nimekunywa maji tu. Vikombe tisa.

Evalina naye kaja, wa kwanza kabisa. Kaniangalia shavu. Kasema mbele ya wote kwamba mfungo wangu unanenepesha, nimpe na yeye siri. Wakacheka. Mama Mchungaji kasema ni utukufu, uso wa Musa nao uling'aa. Evalina kasema uling'aa pande zote mbili.

Mume wangu Bundala anajua habari za jino. Nimemwapisha. Leo mchana kala mayai yangu yote sita, mbele yangu, amekaa kwenye kigoda. Nilipomkata jicho alisema yeye hasemi uongo na wala hasemi ukweli, yeye anakula tu, na chakula cha mtu aliyefunga kikiharibika ni dhambi.

Jumatano, 11 Juni

Nimeamka naona nyota. Ulimi unakwenda kwenye skrubu kila dakika. Bado ipo? Bado ipo. Bado ipo?

Lakini Bwana hamwachi mtu wake. Nimepata akili! Chumba cha pamba. Pamba yetu ya msimu imejaa mle mpaka dirishani, tunangoja mizani ya chama cha ushirika ifunguliwe. Nani ataingia? Alfajiri nikaficha kibuyu cha mtindi ndani ya rundo, na parachichi mbili na kijiko. Saa tano nikawaambia akina mama naingia chumba cha ndani kuomba peke yangu. Wakasema amina.

Daftari, mtindi ule! Nililia. Nilikula upande wa kushoto kama mtoto mchanga, nimepiga magoti, kwa hiyo kuomba niliomba kweli, nilishukuru. Parachichi moja nikaiponda kwa kijiko nikaimaliza. Nikatoka na nguvu mpya.

Sebule nzima ikanitazama mdomo.

Nikajishika mdomo. Pamba! Mtindi ulikuwa umenigandisha pamba kuanzia puani mpaka kidevuni. Ndevu nyeupe kama za nabii. Nikasema nililala kifudifudi juu ya pamba, nikilia mbele za Bwana. Mama Mchungaji akatokwa na machozi. Akasema hajawahi kuona unyenyekevu wa namna hiyo tangu aolewe.

Evalina hakulia. Alinyoosha kidole akanifuta kidevu, akakitazama kile kidole. Kulikuwa na kijani.

Usiku huu sitalala vizuri.

Alhamisi, 12 Juni

Nilichoogopa kimenipata. Mama Mchungaji kasema leo wote tuombe kifudifudi kwenye pamba, kama Dorkasi. Wote! Kwenye chumba changu! Nikasema kuna panya. Akasema panya naye ni kiumbe cha Mungu.

Wakajilaza kumi na watatu juu ya rundo. Mimi nikajilaza juu ya kibuyu, lakini rundo likaporomoka, kibuyu kikajiviringisha polepole, nakiona, nakiona, mpaka kwenye goti la Evalina. Akafungua jicho moja. Akakitikisa kidogo sikioni. Kikalia mtindi.

Nikangoja apige kelele. Ningekuwa mimi ningepiga.

Alikivuta tu chini ya kitenge chake, akasema amina, akatoka nacho.

Najua anakipeleka wapi. Anakiweka kama ushahidi. Jumapili atakisimamisha madhabahuni.

Ijumaa, 13 Juni

Maji. Maji. Nimeingia chumba cha pamba kutafuta ile parachichi ya pili. Bundala amekwishaila. Akina mama wameimba wimbo wa mavuno na wamemwambia Evalina aanzishe, kwa kuwa mimi nimechoka na mfungo. Ameanzisha vizuri. Vizuri mno. Nimepiga makofi.

Jumamosi, 14 Juni

Inacheza! Asubuhi nasukutua kwa maji ya chumvi, nikahisi kitu kinacheza pale pale. Nikaingia chooni na simu, nikampigia Keneth, Keneth akaniunganisha na daktari. Dakta Paschal kauliza damu ipo? Hakuna. Maumivu yameongezeka? Hapana. Basi kasema huenda ni ncha ya uzi wa kushonea, nisiiguse kwa ulimi wala kidole. Halafu kauliza nimekula nini wiki hii. Nikamtajia. Orodha ilikwisha upesi.

Nikasema nimefunga. Akauliza huo mfungo kaniwekea nani. Nikasema nimejiwekea. Akasema basi niuvunje mwenyewe, leo, kwa sababu yeye skrubu amekaza lakini mwili ndio unaoishika, na mwili hauna cha kushikia. Akasema nikiendelea hivi asilaumiwe yeye.

Nimetoka chooni nikiwa nimeamua kusema ukweli. Nikafungua mdomo. Mama Mchungaji akasema, tazameni, wenzangu, siku ya sita na bado amesimama! Wakapiga vigelegele. Nikafunga mdomo.

Mungu wangu, mimi ni mtu wa namna gani? Kutwa nzima nimeishika taya kama yai.

Jumapili, 15 Juni

Siku ya kufungua. Baada ya ibada wote wamekuja nyumbani, na vyakula. Nyama ya kuchoma. Mahindi. Nikaketishwa katikati. Mama Mchungaji kasimama na sahani moja, kaifunua kwa heshima. Matobolwa! Makavu, hayajalowekwa. Kasema ni chakula cha bibi zetu, na mtumishi wa Bwana ndiye atakayeng'ata la kwanza, mbele ya wote, ndipo wengine wale.

Nikalichukua. Zito. Nikalipeleka mdomoni. Nikawaza miezi mitatu, nikawaza Septemba, nikawaza Keneth. Na bado, daftari, nilikuwa nang'ata! Afadhali jino kuliko aibu, ndivyo nilivyowaza, Bwana ananisikia.

Evalina akanishika mkono. Kwa sauti ya semina akasema enyi mama, mnataka kumuua? Mtu wa siku saba anapewa matobolwa? Utumbo utapasuka, nani atajibu? Mama Mchungaji akaogopa, akaniomba radhi. Evalina akafunua bakuli lake. Sato wa Lamadi, ametolewa miiba yote, amepondwa pamoja na viazi lishe, amewekwa mtindi juu. Mtindi wangu mwenyewe. Vuguvugu.

Akanilisha kijiko cha kwanza. Akaniinamia kama ananiombea, akanong'ona nitafune kushoto. Akasema yeye alikula hivyo majuma matatu, peke yake, akilia. Alijua tangu Jumanne, kwa vile nilivyokuwa nabeba kichwa. Mtindi aliuchukua kwa sababu joto la pamba lingeuharibu ukanipa kuhara.

Nilitaka kumwomba msamaha. Mdomo ulikuwa umejaa samaki.

Jumanne, 17 Juni

Mwanza. Nyuzi zimetolewa. Dakta Paschal kapiga picha, kaitazama kwa muda mpaka nikaanza Zaburi. Kasema skrubu imekaa mahali pake. Nimepungua kilo nne na kidonda kimechelewa, lakini hakijaharibika. Nile, nile, nile. Jino nitapachikwa Septemba, wiki mbili kabla ya Mavuno. Nimenunua trei ya mayai stendi. Bundala ameonywa.

Evalina jana alileta supu ya samaki na akaniomba kitu kimoja tu. Kwenye semina ya Agosti niseme kwamba mwaka jana nilikosea. Jina lake nisilitaje. Niseme tu kwamba jino ni jino, na mimi nalo nimewekewa. Nikamshika mikono yote miwili, nikaahidi mbele za Mungu.

Jumatano, 18 Juni

Nimekula mayai mawili, uji, parachichi na maharage ya kuponda. Nina nguvu. Mtu akishiba anaona mbali.

Nimefikiri hivi. Ahadi ni ahadi, wala sitaivunja. Lakini semina ya Agosti, jino Septemba. Agosti nikisema nimewekewa jino, watatazama, wataona pengo. Si watanihesabu mwongo? Afadhali kungoja. Septemba nitatokea kwenye kwaya na jino jipya, jeupe, lililonyooka. Watauliza. Mimi sitasema muujiza, hasha, hiyo ni dhambi. Nitasema tu, Mungu ni mwema, halafu nitacheka kwa mdomo wazi. Wakumbuke wenyewe kwamba nilifunga siku saba. Wakifikiri limeota, je, mimi nimesema?

Mama Mchungaji kapita sasa hivi. Anataka nifundishe somo la semina. Nikamwuliza somo gani. Kasema nguvu ya kufunga. Nimekubali.

Ila moyo unadunda vibaya, tena upande ule ule wa jino. Daftari langu, wewe umeyasikia yote toka mwanzo. Niambie kama kuna ubaya. Nakuomba unijibu upesi, kabla Evalina hajaja na supu.