Mnunuzi wa Kompyuta Zilizokufa

Uvumi ulianza kwenye foleni ya maji: kompyuta za mtaa ule zinaungua ndani kwa ndani, moja baada ya nyingine. Mwanamke mwenye duka la kuchapa barua aliucheka, lakini haukumtoka kichwani. Kompyuta yake ilikuwa moja tu. Ndiyo iliyolipa pango, ndiyo iliyosomesha watoto. Ikifa, duka nalo limekufa.

Aliyeutunga uvumi huo alikuwa bwana mmoja wa shati lililonyooka na bisibisi mfukoni. Mtaa mzima walimwita Shemeji kwa sababu naye alimwita kila mtu shemeji, hata mlinzi wa getini. Kazi yake, kama wizi nao ni kazi, ilikuwa nyepesi. Anaingia dukani, anaomba kuikagua kompyuta bure. Mwenye nayo akigeuka, yeye anafungua ule ukurasa wa mipangilio unaotokea kabla kompyuta haijaamka vizuri, anashusha kasi ya feni mpaka mwisho, kisha anaaga kwa heshima. Boksi la kompyuta linakosa upepo, joto linapanda, kompyuta inajizima. Anarudi na uso wa msibani, anainunua kwa bei ya chuma chakavu. Akifika kwake anapandisha feni, maiti inafufuka, anaiuza kwa bei ya kompyuta hai. Huo ndio usomi wake wote.

Kwa yule mama alifanya vivyo hivyo, mama alipokwenda kumletea chai. Ndiyo, alimletea chai, na sukari akamwongezea.

Kesho yake kompyuta ikajizima katikati ya barua ya mteja. Shemeji akatokea kana kwamba ameitwa. Akaweka kiganja juu ya boksi, akafumba macho.

"Moyo umeungua, shemeji. Hii ni maiti."

"Haitibiki?"

"Maiti unaitibu? Kesho nakuja kuichukua, nikupe chochote cha kukufuta machozi. Ila usiiwashe tena, italeta moto."

Mama akalia. Lakini jambo moja lilimkera: boksi lile siku zote lilivuma kama nyuki, na tangu bwana yule aliguse lilikuwa kimya. Mtoto wake akinyamaza ghafla chumba cha pili, huwa anakwenda kuangalia. Akamwita wifi yake, aliyewahi kusomea kompyuta. Wakafungua ubavu wa boksi, wakaelekeza feni ya mezani ndani, wakawasha. Barua ya mteja ikachapwa mpaka ikaisha.

Wifi akafungua ukurasa wa mipangilio, akaguna. "Feni imeshushwa mpaka chini. Nani kaigusa hii?"

"Shemeji."

"Shemeji yupi? Mimi kaka yangu ni mmoja, na umeolewa naye."

Wakapandisha feni, wakahamisha vya ndani vyote kwenye boksi kuukuu lililokuwa chini ya meza. Boksi tupu wakalitia pasi ya mkaa iliyotoboka, wakaizungushia matambara isigongegonge, wakakaza skrubu.

Shemeji alipofika, duka limejaa wateja. Akaliinua boksi. Zito. Roho ikamtulia nusu.

"Niiwashe kidogo tu, shemeji, nione..."

"Maiti unaiwasha ya nini? Si ulisema italeta moto?"

"Nilisema, ila..."

"Jamani," wifi akawageukia wateja, "fundi huyu anataka kutuchoma."

Mzee mmoja akasogea mlangoni. Shemeji angefanya nini? Kusema kompyuta ni hai ni kujitaja mwizi mbele za watu. Akalipa. Mama, akipangusa jicho kavu, akamkumbusha ile ya kufuta machozi. Akaongeza.

Boksi halikufika hata kwake. Njiani alikutana na mwenye bucha, aliyekwisha kumlipa hela ya kompyuta zamani na kuchoka na ahadi. Akamnyang'anya, akaliweka juu ya meza ya nyama, akachomeka waya, akabonyeza, akangoja. Kisha akalifungua kwa bisibisi ya Shemeji mwenyewe. Akaitoa pasi, akaigeuza kama anayekagua paja la ng'ombe.

"Hii inatumia umeme au mkaa?"

Shemeji alimrudishia mwenye bucha hela yote, bisibisi akaiacha, na mtaani hajaonekana tena. Boksi kuukuu linavuma mpaka leo.

Mambo ya kuepuka:

Kumwachia mgeni kompyuta ukaenda jikoni.
Fundi wa bure.
Fundi anayepima ugonjwa kwa kiganja.
Kupuuza feni iliyonyamaza.
Kuuza kitu kwa mtu yuleyule aliyekwambia kimekufa.
Shemeji ambaye hakuna ndoa iliyomleta.