Baba Kufuli na Neno la Siri

Jumatatu, 3 Machi

Vita vimeanza! Jana mezani nilisimulia nilivyofungua sefu iliyowashinda mafundi wote wa mjini. Binti macho kwenye simu. Kitindamimba pua kwenye tableti. Nilipomaliza, Binti akauliza kama nilikuwa nasema kitu. Iliniuma! Zamani nikisimulia walisahau hata kutafuna.

Sasa basi. Mimi fundi kufuli, mtaa mzima waniita Baba Kufuli, nishindwe kuifunga intaneti ya nyumbani kwangu? Nimeingia kwenye ruta. Mna sehemu ya wazazi: unachagua kifaa, unachagua saa, kinakatwa. Nimemkata Binti. Nimekikata na kifaa kiitwacho "Kipenzi cha Mama". Nani huyo kama si Kitindamimba? Mwisho saa kumi na mbili jioni. Neno la siri: asiyesikialamkuu. Nimejipongeza kwenye kioo.

Jumanne, 4 Machi

Saa kumi na mbili. Nikakohoa, nikaanza kisa cha sefu upya. Mke wangu akaniita kwa sauti ile.

Kumbe "Kipenzi cha Mama" ni simu yake, zawadi ya mama yake! Walikuwa wakiongea kwa video, mama mkwe akionyesha goti linalomsumbua. Goti likaganda kwenye skrini. Mama mkwe amesema alijua tangu siku ya posa kwamba ipo siku nitamfungia mwanawe. Mke wangu ameapa nikiigusa tena simu yake, ruta itahamia kwa mama.

Tableti ya Kitindamimba kumbe imeandikwa "Simba Mla Watu". Nimeikata. Simba kwisha!

Alhamisi, 6 Machi

Jioni nasikia vicheko. Video! Wote wawili! Wamefunguaje?

Nimechunguza. Tangu Jumatatu napita sebuleni nikinguruma "Asiyesikia la mkuu!" nao wanaitikia "Huvunjika guu!" Kitindamimba anasema kila nikiitamka methali hiyo hutabasamu peke yangu kama mwizi wa sukari. Binti akaunga nukta na nukta.

Nimebadilisha: harakaharaka. Sijaitamka. Nimeipiga mluzi tu.

Ijumaa, 7 Machi

Wamefungua kabla sijanawa mikono! Binti amesema, kwa heshima zote, kwamba baba yake hajawahi kuwaza nje ya methali. Nikapandwa na mori. Nikaweka nyingine palepale, nikawaambia wakisie kama wao wanaume.

Wakaja mezani. Simu wakaziacha juu ya kabati. Methali zikaanza kuruka huku na huku. Kitindamimba akasema mtaka cha uvunguni, kisha akauliza uvungu ndio nini. Nikalala kifudifudi kumwonyesha chini ya kochi, nikatoka na bisibisi yangu iliyopotea, ile niliyomsingizia mbwa wa jirani. Mke wangu alicheka hadi akaweka kisu chini, kitunguu nusu. Halafu Binti akauliza, mwenyewe, ile sefu ilikuwa na nini ndani. Nikasimulia yote! Chakula kikapoa, hakuna aliyejali. Sijafurahi hivi siku nyingi.

Na hawakukisia! Ilikuwa samakimkunje. Ushindi mtupu.

Jumapili, 9 Machi

Jana pia walikuja mezani bila kuitwa, wakidai methali nyingine. Simu kabatini. Hapo nikaelewa kila kitu: ulinzi mkali ndio dawa! Basi nimeuongeza. Methali nimetupa. Nimeweka herufi na namba zilizovurugwa, hata shetani hazikisii. Na mlango haufungwi nusu, nikabonyeza "vifaa vyote".

Saa kumi na mbili nyumba nzima ikazimika. Simu yangu ndiyo ya kwanza. Neno la siri? Limeniruka! Mama mkwe naye alikuwa katikati ya goti la pili.

Mke wangu alivuta kiti tu. Watoto wakavuta vyao, wakaanza kunisaidia kukisia, wakicheka machozi. Kitindamimba akapaza sauti: "Mchimba kisima!" Binti na mama yake wakaitikia: "Huingia mwenyewe!" Kisha wakanitazama. Sijui kwa nini.

Nikawaambia siyo, neno lenyewe halikuwa methali. Ila hiyo ni nzuri sana. Kesho nabonyeza kile kitundu cha nyuma kwa pini, ruta ianze upya, na ndiyo nitakayoiweka.

Hawataikisia kamwe.