Yuzu Chache, Hamamu Kubwa

Ijumaa, 19 Desemba
Theluji magotini. Wateja wanne tu, na mmoja kaja kuuliza njia. Fusae, mke wangu, kasema imetosha. Jumatatu ni siku fupi kuliko zote, siku ambayo hata mvivu wa kuoga huoga maji yenye yuzu, yale matunda ya manjano jamii ya ndimu, ili asiugue kipupwe kizima. Hamamu isipojaa siku hiyo, anaiuza kwa yule bwana anayetaka kiwanja chetu kiwe maegesho ya magari. Hamamu ya babu yangu! Nimemwambia atulie, mumewe ana akili. Akasema hilo ndilo linalomtisha.

Jumamosi, 20 Desemba
Nimekwenda kwa Bibi Toku, mwenye mti pekee wa yuzu mtaani. Nikajifanya nimekuja kumzolea theluji. Nimezoa mpaka kiuno kikagoma. Kisha nikagusia yuzu, kwa mbali tu. Akasema pole, kapu zima kashampa Kuroiwa wa hamamu ya ng'ambo ya mto. Kuroiwa hakumzungusha, aliomba tu. Kuroiwa mwenye maji ya mapovu na kiti cha kukanda mgongo. Leo ningekikalia hicho kiti, aibu weka kando.

Jumapili, 21 Desemba
Sokoni yuzu hazishikiki. Nimepata chache, nyingine zina makunyanzi kunishinda. Watu wote huziacha zielee nzima, lakini hizi zangu zitapotea bwawani. Babu alinikataza kabisa kuzikata, bila kusema kwa nini. Wazee walipenda siri. Nikizikata vipande vyembamba, bwawa zima litakuwa manjano na harufu itamfikia Kuroiwa kitandani. Akili ni mali.

Jumatatu, 22 Desemba
Wamejaa! Harufu imewavuta toka stesheni. Fusae anatabasamu pale mlangoni, nami napanga nitakavyomsimanga. Mara Sugimoto kinyozi akauliza mbona maji yanauma. Nikamwambia ndiyo dawa inaingia. Akauliza inaingia wapi huko. Wakaruka nje wote, wekundu kama kamba waliochemshwa, wanajikuna. Upande wa wanawake, yowe la Bibi Toku. Kumbe yuzu iliyokatwa huwasha. Wakajifunga taulo, wakavuka daraja kwenda kujisuuza kwa Kuroiwa. Fusae hakunifokea. Aliuliza tu namba ya bwana wa maegesho. Nimelia kidogo stoo ya kuni. Sijui kazi nyingine, na sitaki kuijua.

Jumanne, 23 Desemba
Nimeamshwa na foleni. Bibi Toku mbele, bila mkongojo. Anasema goti lililomsusa tangu mwaka juzi, jana lilimrusha nje ya maji lenyewe. Sugimoto kawatangazia wateja wake kwamba kalala bila soksi, mwili moto mpaka asubuhi. Nyuma kabisa kasimama Kuroiwa, eti kapita kusalimia, taulo begani. Bibi Toku kanikabidhi kapu la yuzu zilizobaki mtini, akaniambia mbele ya watu niziweke nzima, kichwa maji mimi, kisu nikiache jikoni. Fusae kampigia bwana wa maegesho, kamwambia akatafute kiwanja kwingine. Kisha akanimiminia chai na kucheka. Siku nyingi sijasikia kicheko hicho. Nimefurahi mno.

Nimeelewa biashara sasa. Watu wanapenda kuwashwa, ila wanaona haya kusema. Kwa mwaka mpya nimeagiza pilipili kavu, gunia zima. Fusae nitamwambia zikishaingia majini.