Jinsi ya Kushusha Bei ya Redio ya Kijivu

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Binti yangu amepangiwa zamu. Jumamosi saa tatu asubuhi ataketi peke yake kwenye mnara wa uwanja wa ndege, na kuziambia ndege ipi itue na ipi isubiri. Nimelitangaza jambo hili kwa kinyozi, mbele ya wateja wote: siku hiyo nitamsikiliza mwanangu sebuleni kwangu, miguu juu ya kigoda. Kinyozi akauliza nitamsikiliza kwa redio gani. Swali la kichokozi. Redio yetu haivuki stesheni za muziki.

Baada ya kazi nikapita dukani. Redio za masafa mapana ziko tatu. Nimezilinganisha kwa kuandika nyuma ya kadi za rangi, maana mimi ni mtunza ghala la rangi na kadi hatukosi. Mnene: masafa mafupi inayakamata vizuri sana, masafa ya ndege inayaruka. Mwembamba: inaingia mfukoni na inakamata kila kitu, ila betri inazima kabla ndege haijatua. Kijivu: kuanzia mawimbi marefu hadi ndege na meli, haibakizi pengo. Inasikiliza stesheni mbili kwa mpigo, na kioo chake kinaonyesha wapi pana mtu anaongea. Bei laki nne. Ninazo laki nne na elfu ishirini.

Mke wangu akasema nikainunue kesho asubuhi. Nikamweleza kwamba bei ya kwanza ni salamu tu, haijibiwi kwa pesa. Akasema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Nikamjibu mwana ni wangu, cheti kiko kabatini.

Jumanne, tarehe 4 Machi
Nimemtembelea muuzaji kwa mara ya pili. Nimeishika Kijivu, nimeigeuza, nimevuta antena, nimeguna. Nikamwambia mfuniko wa betri umelegea na kitabu chake cha maelezo kinahitaji mtu aliyestaafu. Nilitaka ajue kwamba siihitaji. Nilikaa pale mpaka akaanza kufagia miguuni pangu.

Nilipouliza bei, akasema laki nne na elfu ishirini. Tangu lini? Tangu leo. Akaeleza kwamba miezi yote hakuna aliyeigusa, sasa anaona watu wameanza kuiulizia. Watu gani? Ni mimi tu, mara mbili.

Pesa nilikuwa nazo mfukoni, kamili. Lakini kuna utu. Nikaondoka.

Njiani nikapata mpango. Muuzaji akiona mtu mmoja anadharau mali yake, atasema huyo ana lake jambo. Akiona watu wengi wanakuja, wanauliza, wanatikisa kichwa na kuondoka, ataingiwa na hofu. Bei itashuka yenyewe. Kazi yangu ni kutafuta vichwa.

Jumatano, tarehe 5 Machi
Nimemtuma shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye hana kazi wiki hii wala zile zilizopita. Nilimfundisha maneno: uliza kama inasikia ndege, uliza kama inaruka masafa, tikisa kichwa, toka. Nikawatuma pia wapakiaji wawili wa ghalani wakati wa chakula cha mchana.

Wapakiaji walifanya kama nilivyowaagiza. Shemeji alitikisa kichwa, hilo sikatai, lakini kwanza alivaa vipokea sauti akasikiliza nahodha wa meli akigombana na bandari, mwanzo hadi mwisho. Muuzaji akamletea kiti.

Jioni nikapita ng'ambo ya barabara. Kijivu imehamishwa dirishani na kuwekewa taa. Laki nne na elfu hamsini. Mke wangu akauliza mpango unaendaje. Nikamwambia bei ikitaka kushuka, lazima kwanza ipande. Akaendelea kukunja nguo.

Alhamisi, tarehe 6 Machi
Kosa la jana nimeliona. Nilituma watu wasiojua kudharau. Kinahitajika kinywa chenye mazoezi. Nikaenda kwa kinyozi.

Nilijieleza kwa kirefu, maana mtu hawezi kudharau asichokijua. Nikamfafanulia yote: stesheni mbili kwa mpigo, kioo, kumbukumbu ya masafa elfu moja, namna inavyopekua yenyewe na kusimama inapokuta sauti. Kisha kasoro: mfuniko, kitabu, na waya wa umeme uliokatwa mfupi kwa ubahili. Alisikiliza kwa umakini usio wa kawaida yake. Aliuliza kama inaweza kuwekwa juu ya rafu yenye kioo. Nikasema inaweza. Nikampa kadi yangu ya kasoro asisahau hata moja.

Kabla hajaenda, bei ilikuwa laki nne na elfu themanini. Leo nitalala vizuri.

Ijumaa, tarehe 7 Machi
Nimesalimu amri. Zamu ni kesho. Mke wangu alifungua mkoba wake wa vitambaa na kunijazia pesa zilizopungua, bila neno. Afadhali angesema.

Dirisha lilikuwa tupu. Taa inamulika vumbi.

Muuzaji alinipokea kwa mikono miwili. Alisema tangu afungue duka hajapata mtu wa kumletea wateja kama mimi, akanipa kalamu yenye jina la duka. Nikauliza Kijivu imekwenda wapi. Akasema imechukuliwa jana na bwana mmoja mwenye kitana mfukoni. Alikuja na kadi ya rangi iliyoandikwa kasoro zote, akazitaja moja baada ya nyingine kwa upole, mpaka yeye muuzaji akaona haya. Akamshushia hadi laki nne.

Kwa hiyo mpango ulifanya kazi. Hilo liandikwe.

Jumamosi, tarehe 8 Machi
Niliapa sitakwenda. Saa mbili na nusu mke wangu alivaa gauni lake la harusi za watu, akatoka. Hakusema anakokwenda. Nikakaa na kigoda changu. Kisha nikatoka.

Kwa kinyozi pamejaa. Mke wangu kwenye benchi, shemeji karibu yake, wapakiaji wangu mlangoni. Kijivu juu ya rafu yenye kioo, kwa hiyo zinaonekana mbili. Nafasi pekee ilikuwa kiti cha kunyolewa, na kinyozi akasema hicho hakikaliwi bure. Nikakaa. Nywele nilizonazo zingehesabika kwa vidole. Akanifunga shuka shingoni.

Ilipofika saa tatu alizima mashine. Mkwaruzo, kisha mwanamume akiita kutoka angani. Kisha yeye. Sauti ileile ambayo utotoni ilikuwa inajificha nyuma ya mlango wageni wakija. Alimtajia rubani upepo unakotoka, akamwambia ashuke. Hakuharakisha wala hakurudia neno. Na ndege kubwa, yenye watu ndani, ikamtii mwanangu.

Machozi yalinitoka. Nikasema ni spiriti. Kinyozi, ambaye hakuwa ameifungua spiriti, akasema kweli ni kali, akanipa taulo. Sijui nimchukieje vizuri mtu wa namna hiyo.

Wakati wa kulipa nikaambiwa kunyoa kumepanda bei tangu asubuhi. Watu wamezidi.

Jumapili, tarehe 9 Machi
Binti amekuja kula nasi. Akauliza kama nilimsikia. Nikasema vizuri kabisa, kila neno. Akauliza redio iko wapi. Nikasema inatunzwa kwa kinyozi. Mama yake akakohoa. Binti akacheka, akanishika bega, akasema ana zamu nyingine Jumanne, na angefurahi akijua ninamsikiliza nikiwa nyumbani. Nikamwahidi.

Shemeji ameleta habari: muuzaji ameleta Kijivu nyingine. Laki nne na nusu. Ninazo laki nne na elfu themanini, kasoro bei ya kunyolewa. Mke wangu ameniwekea pesa mkononi, akanifunga vidole, akasema kesho duka likifunguliwa niwe mlangoni.

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Kosa liko wazi. Nilimtuma mtu mwenye pesa. Safari hii nitatuma wasio nazo tu, na wawe wengi zaidi. Wapakiaji wamekubali kuja na binamu zao. Shemeji yuko uani sasa hivi, anafanya mazoezi ya kutikisa kichwa.

Zamu ni Jumanne. Muda tunao.