Kahawa ya Bi Salma Iliyotupitisha Mirihi

Jamani, leo nimeaibika mpaka masikio bado yana moto. Nawaandikieni nikiwa chumbani, mlango nimeutia ufunguo, na sitoki mpaka mgeni wetu asahaulike. (Mgeni keshaondoka. Ninayemkimbia sasa ni mama yangu.)

Wengi wenu humu barazani hamuuchezi ule mchezo wangu wa vyombo vya angani, kwa hiyo nieleze kidogo. Ni mchezo wa kompyuta. Unaunda chombo mwenyewe, tangi kwa tangi, injini kwa injini, halafu unakirusha, na hesabu zake ni kama za kweli. Ukikosea kidogo mwanzoni, umekosea sana mbele ya safari. Hakuna adui wala bunduki. Dada yangu husema huo ni mchezo wa watu wasio na wachumba. (Simjibu. Hajakosea sana.)

Kundi letu la Waswahili tunaoucheza ni dogo na limetawanyika: Mombasa, Dar, Unguja, na mimi hapa Maskati, Wattaya, nyuma ya maduka ya magari. Mwaka mzima tumekuwa tukiunda chombo kimoja cha kwenda Mirihi. Kila mtu alileta kipande chake, huyu tangi, yule mabawa ya umeme wa jua, na vipande vyenyewe havikufanana hata kidogo, ndiyo maana tukakiita Urojo, kama ule mchuzi wa Unguja unaotiwa kila kitu. Sura mbaya! Lakini kilipaa.

Kila mmoja wetu aliruhusiwa kupandisha abiria mmoja na kumpa jina alitakalo. Wengine walijipandisha wenyewe. Mimi nilimpandisha mkuu wangu wa kazi. (Nina sababu zangu.) Mzee Seif wa Mombasa, mwalimu mstaafu ambaye nyumbani hana kompyuta na huchezea kwenye duka la intaneti, yeye aliandika jina la marehemu mkewe: Zuwena. Miguu ya kutulia chombo aliiunda yeye, na hakuomba malipo ila picha moja. Picha ya Zuwena amesimama nje ya chombo, juu ya ule mchanga mwekundu.

"Alipenda safari," alituandikia. "Nilimuahidi nyingi, nikamfikisha Malindi."

Baada ya maneno hayo nani angekataa? Tukaahidi wote. Na rubani wa kutimiza ahadi akawa nani? Mimi. Niliomba, nikabembeleza, nikajisifu mpaka wakachoka kunisoma.

Jambo moja zaidi mlijue. Kundi letu lina sheria: chombo kikishaondoka, nakala nyingine zote zinafutwa, anabaki nayo rubani peke yake. Hakuna kurudi nyuma. Ukianguka umeanguka. Sheria hiyo niliipigia debe mimi. Zamani kidogo Hamdun wa Dar alikibamiza chombo chetu mwezini kwa sababu ya kupiga chafya, akaomba turudie, nami nikamwandikia mbele ya watu wote: "Mwezi haujali mafua yako." Nilijiona hodari siku ile.

Haya. Leo Ijumaa, baada ya Alasiri, ndiyo siku ya kutua. Wenzangu wote wamekusanyika kwenye gumzo la kundi. Mzee Seif ameshakaa dukani tangu adhuhuri, na mwenye duka amemuwekea karatasi nzuri kwenye printa. Mirihi naiona kwenye skrini, ndogo kama punje ya komamanga. Imebaki safari ya siku chache, na siku za mchezoni unaweza kuziharakisha: unabonyeza kitufe, mchana na usiku vinapishana huku unajikuna. Nikaharakisha. Ukikaribia, kengele inalia. Hapo unarudisha muda wa kawaida, unageuza chombo kitangulize mkia, unawasha injini upunguze mwendo. Usipopunguza, Mirihi haikushiki. Unaipita, na ukishaipita hakuna wa kukusimamisha tena.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Bi Salma. Rafiki wa mama tangu utoto wao Unguja, siku hizi anakaa Qantab kwa mwanawe, na hajafika kwetu tangu Idi.

"Raya!" mama akaita. "Mgeni!"

Kwa mlio mbali, hapa kwetu mgeni hapewi kikombe akaachwa nacho. Matunda kwanza, halafu halwa, halafu kahawa. Binti wa nyumba anasimama na dele la kahawa mkononi, anamimina finjani kidogo kidogo. Mgeni akitosheka, anaitikisa finjani. Asipoitikisa, unamimina tena. Mwisho kabisa unaletwa ubani kwenye chetezo, mgeni anajifukiza, anaaga. Ndiyo maana ubani hauletwi mapema, maana ni kama kumwambia mtu viatu vyako hivi hapa.

Nikajiambia: salamu, matunda, finjani moja, narudi. Muda nikauacha ukikimbia. (Najua. Kitufe cha kusimamisha kipo. Nilikiona kabisa. Nikaona nikisimamisha nitawaweka wenzangu bure.) Ni akili ya mtu anayeacha maziwa motoni akaenda kupokea simu.

"Mashallah, Raya, umenawiri," akasema Bi Salma. "Kazi vipi?"

"Alhamdulillahi, Bi Salma."

"Na siku za mapumziko unafanya nini, mwanangu?"

Nikafungua mdomo. Mama akawahi. "Huyu? Hana mapumziko. Wizarani hawamwachi, hata Ijumaa yumo chumbani na kazi za ofisi."

Na mimi, mtu mzima, nina meza yangu na watu chini yangu, nikatikisa kichwa kukubali. Niliona haya kusema nacheza. Hilo ndilo lililoniponza, wala si kahawa.

Finjani ya kwanza. Ya pili. Bi Salma anasimulia arusi ya kijijini Yiti, nani alivaa nini, nani hakualikwa na akaenda. Finjani nyingine. Mkono wake nautazama kama mwewe anavyotazama kifaranga. Hautikisiki!

Ndipo kengele ikalia chumbani. Pii, pii, pii.

"Nini hicho?" akauliza Bi Salma.

"Mashine ya kufulia," akasema mama, akanikata jicho. Jicho lile nalijua tangu utoto. Maana yake: usithubutu.

Pii, pii, pii. Watu wote wa kundi langu wamo ndani ya sauti ile. Miguu imeshageuka kuelekea mlangoni, lakini mkono umeshika dele, na mbele yangu finjani imenyooshwa, tupu, inangoja. Ningesema tu, "Samahani, Bi Salma, narudi sasa hivi." Maneno machache. Nayajua yote. Nikamimina.

"Mashine yenu inalia sana," akasema Bi Salma.

"Ya zamani," akasema mama.

Kisha kengele ikanyamaza yenyewe. Mama akashusha pumzi, kaona heri. Mimi nikajua yamekwisha, maana kengele ile hainyamazi yenyewe ila chombo kikishapita pahala pake.

Bado nikamimina. Ningefanya nini tena? Bi Salma akahamia kwenye magonjwa ya jirani yake, akamaliza goti la kushoto, akaingia la kulia. Mwishowe, finjani mkononi, akamgeukia mama.

"Bi Asha, kwani siku hizi hamfukizi?"

"Tunafukiza! Nnakungoja wewe utikise finjani!"

"Nitikise vipi, ubani haujaja? Nikae nakutazama? Mimi nnakunywa nnasubiri ubani. Moyo unanienda mbio, kahawa imenifika hapa!"

Wakatazamana. Wakaangua kicheko, wameshikana mabega, machozi yanawatoka. Kumbe muda wote ule mgeni anangoja ubani, mama anangoja finjani, mimi namngoja mgeni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaitaka kahawa. Sikucheka. Nililitua dele chini na kukimbia chumbani.

Kiza. Skrini nzima kiza, na vinyota vichache vimetawanyika. Mirihi haipo. Tarehe pembeni imeruka miaka na miaka, abiria wangu wangekuwa na wajukuu. Mchezo ulikuwa umeshajihifadhi wenyewe katika hali hiyo hiyo, na ya nyuma imefutika. Na upande wa kulia majina ya abiria yote mekundu, maana Hamdun alituundia kifaa cha kuhesabu hewa na chakula ili mchezo uwe wa kweli zaidi. Kila jina mbele yake imeandikwa: hewa imekwisha.

Sijui nilipiga ukelele gani, lakini mama na Bi Salma walikuja mbio. Bi Salma kashika chetezo, moshi unafuka.

"Hii ndiyo kazi ya ofisi?" akauliza.

Mama alitazama zulia. Mimi nikamwaga yote: mchezo, chombo, Mirihi, kengele. Nilizungumza nikiwa nimewapa mgongo, kwa sababu machozi yalikuwa yanakuja na sikutaka kulia mbele ya mtu kwa ajili ya kompyuta.

"Na hawa wekundu ni nani?"

"Abiria."

"Miaka yote hiyo wamekula nini, maskini?"

"Salma!" mama akamkemea.

"Nnauliza tu." Akasogea, akasoma kwa sauti, jina moja moja, akampita mkuu wangu wa kazi bila huruma. Akafika chini. "Na huyu Zuwena?"

Nikamwambia. Mume mzee, Mombasa, picha. Bi Salma akakaa kitandani kwangu taratibu, chetezo mapajani, wala hakujali kuunguza kanzu yake.

"Mtu anafikishwa Mirihi na mumewe," akasema, "na wewe umesimama pale unanimiminia mimi kahawa? Ungenambia, mwanangu! Ningekuja nikatazama. Nimesikia habari za watu kwenda huko juu tangu nikiwa mwari, sijapata kumuona hata mmoja akifika."

Basi hapo ndipo nilipoumbuka hasa. Si kwa kukamatwa nacheza, ila kwa kuwa nilijificha kwa mtu ambaye angevuta kiti akakaa kando yangu. Hakuna aliyenizuia kuondoka pale. Nilijizuia mwenyewe.

Walipotoka niligeukia gumzo. Ujumbe umepandana.

"Raya, umefika?"

"Raya?"

"Raya, upo?"

Na chini kabisa, Mzee Seif: "Msimharakishe. Kutua kunataka utulivu."

Niliusoma huo mara kadhaa kabla ya vidole kunitii. Kisha nikaandika ukweli wote, na kahawa ndani yake. Nikasema samahani. Sikuomba tuirudie safari, kwanza kwa sababu hakuna nakala iliyobaki, pili kwa sababu ningeomba kwa uso gani? Hamdun wa Dar, mwenye kila haki ya kunikumbusha mafua yake, aliandika tu: "Pole, dada." Wallahi ni heri angenitukana.

Mzee Seif alichukua muda. (Huandika kwa kidole kimoja.) Halafu ukaja ujumbe wake.

"Raya mwanangu, usilie. Zuwena alikuwa akipanda basi hulala, akapitishwa kituo. Mimi nikienda kumfuata mwisho wa njia, namkuta amekaa na kikapu chake, hana wasiwasi, ananiuliza mbona nimechelewa."

Nikacheka na kulia kwa pamoja, jambo ambalo halimpendezi mtu yeyote. Nilikuwa sijamaliza kujifuta, ukaja mwingine.

"Huko alipo, hapigiki picha?"

Nikampigia hiyo picha. Nilikitafuta chombo nikakipata, nikakikaribia kadiri mchezo ulivyoniruhusu. Kimezima taa zote. Miguu yake ya kutulia bado imekunjwa vizuri, haikupata kutumika. Nyuma yake kiza na nyota chache, na jua dogo mno. Nikaituma. Akanijibu kwamba mwenye duka kaichapisha, wino mweusi umekwisha wote, na yeye anakwenda nayo nyumbani.

Basi, mimi nichekeni mpaka mchoke, ni haki yenu. Ila ile picha, tafadhalini, asiicheke mtu.